Fundi Sikio na Gari Lililokosa Pumzi

Gari lilianza kukohoa pale pale mbele ya gereji ya Fundi Sikio, na Fundi Sikio, aliyekuwa amejilaza kwenye kiti cha basi kilichong'olewa, akafungua jicho moja. Likakohoa, likajikaza, likavuta kidogo, likakohoa tena, kisha likazima. Akafungua na jicho la pili. Loo! Gari la spoti, milango miwili, njano ya kung'aa, pua imeinama karibu na lami. Na nyuma ya usukani nani? Mama wa makamo mwenye miwani, mkoba kaupakata mapajani, anahangaika na funguo.

"Ewe riziki," Fundi Sikio akanong'ona, "leo umekuja na rangi kabisa."

Kabla hajafika kwenye hilo gari, na tumwache atembee maana alikuwa na mwendo wake wa madaha, nikueleze huyu bwana ni nani. Jina la Sikio alipewa na wateja kwa sababu ya namna yake ya kupima magari. Alikuwa na kile kipimo cha masikioni ambacho madaktari husikilizia kifua. Alikipata wapi? Hilo hasemi. Gari likiletwa, yeye hulala chini, hukiweka kwenye tenki, hufumba macho, na hutikisa kichwa kwa huzuni mpaka mwenye gari naye aanze kuhuzunika. Lakini masikio yake hayakuwa na lolote la ajabu. Kilichomlisha mjini ni sponji.

Ndiyo, sponji ya kuoshea vyombo. Tenki la mafuta, ndugu yangu, lazima lipumue. Mafuta yakitoka kwenda kwenye injini, hewa lazima iingie kushika nafasi yake, na huingia kwa mpira mdogo ambao hakuna mwenye gari anayeujua. Ukiuziba mpira ule, pampu itavuta, itavuta, mwishowe itashindwa, na gari litazima njiani. Sasa Fundi Sikio alikuwa akipita sokoni magari yamepaki, anainama kama mtu aliyeangusha funguo, anachomeka kipande cha sponji, anaondoka anapiga mluzi. Halafu anarudi gerejini kwake, kwenye mteremko wa kutoka sokoni, anasubiri. Gari likizima hapo, yeye anatokea na sura ya huruma. Anachomoa sponji yake kwa siri, anang'oa pampu, anaisafisha, anairudisha ile ile kwa bei ya mpya, na kumwonyesha mwenye gari pampu nyingine nyeusi tii anayotembea nayo kwenye mfuko. "Ona mwenyewe," anasema, "ulikuwa unaendesha na hii!" Na mtu anashukuru. Wengine walimwombea dua kabisa.

Lakini siku hiyo, Ijumaa, hakuwa na hamu ya kuuza pampu. Alikuwa na janga lake. Kesho yake alitakiwa ukweni kwa mara ya kwanza.

Fundi Sikio alimpenda Msusi. Hapo nisimsingizie, alimpenda kweli, mpaka akiona kitana dukani anatabasamu peke yake. Msusi alimwambia kwamba baba yake hana mchezo kwa wachumba, ila ana udhaifu mmoja, magari ya mbio. Basi mzee alipopiga simu kumjulia hali na kumuuliza, "Unaendesha nini, kijana?" mdomo wa Fundi Sikio ukatangulia mbele ya akili. "La spoti, mzee. Milango miwili." Mzee akafurahi, akasema, "Njoo nalo Jumamosi, nilione kwa macho yangu." Wiki nzima jamaa amehangaika kuazima. Kila mwenye gari alimjua, na kwa sababu alimjua, alimnyima. Na alichokuwa nacho yeye ni pikapu, nzima, yenye nguvu, iliyobeba vifaa vyake vyote na kumlisha miaka, lakini ukiitazama mara mia haitageuka kuwa ya spoti. Akienda nayo, mzee atajua ni mwongo, na Msusi ndiyo basi tena.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini alipofika kwenye dirisha la lile gari la njano, mate yalikuwa yamemkauka.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Limeanza lini?"

"Marahaba, mwanangu. Limeanza leo tu. Linaenda vizuri, halafu linakufa. Nikisubiri, linafufuka. Halafu linakufa tena. Mimi ya magari siyajui, najua kuwasha na kuzima, na sasa hata kuzima linajizimia."

"Usijali. Umefika kwa mwenyewe."

Akatoa kipimo, akalala chini, akasikiliza tenki kwa macho yaliyofumbwa. Akaguna. Akahamia kwenye pampu, akaguna zaidi. Kisha akainuka, akajifanya anachunguza rangi, akafungua kifuniko cha tenki taratibu. Pshhhh! Hewa ikaingia kwa pupa. Moyo ulimruka. Mlio huo aliujua kuliko sauti ya mama yake mzazi. Akarudi chini haraka, akapapasa mpira wa hewa, na kweli, akagusa sponji. Kijani, imekatwa vizuri, imesukumwa kwa ustadi.

Akashangaa kidogo. Hili gari hakuwahi kuligusa. "Kumbe kuna mhuni mwingine anaiba kazi yangu mjini hapa," akawaza, na akaudhika kwelikweli, maana watu siku hizi hawana haya. Akaiacha sponji mahali pake. Akatoka chini ya gari na uso wa msibani.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa, mwanangu. Niko ndani ya gari."

"Basi endelea kukaa. Pampu imekwisha. Chujio limeoza. Tenki limepata kutu ndani, na ile kutu imekwenda mpaka kwenye nozeli. Hapa mafuta hayaendi, yanabembelezwa. Hili gari limekufa, mama. Unaloliona linatembea ni mazoea tu."

Mama akashika mdomo. "Uwii! Na kutengeneza?"

"Vifaa vyake havipatikani. Vikipatikana, bora ununue nyumba."

"Maskini mimi!" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na mimi hata silipendi. Mizigo haliingizi, nikikaa magoti yananigusa kidevu. Ningepata kitu cha kubebea mizigo, kama ile pale, ningeshukuru Mungu." Akaonyesha pikapu kwa kidole.

Fundi Sikio akajizuia asiruke. Alikuwa amepanga kuzunguka sana kabla ya kufika hapo, na mama mwenyewe kafika kwa mguu!

"Ile? Hapana, mama. Ile ni mkono wangu wa kulia. Nikikupa ile, nimebaki na chuma chakavu, watoto wa mtaani watanicheka."

"Haya, basi. Ngoja nikajaribu kwa fundi mwingine."

"Lakini," akasema haraka mpaka akajing'ata ulimi, "huruma itaniua mimi. Nikikutazama namwona mama yangu. Chukua, mama. Chukua pikapu. Mimi nitalikata hili gari vipande, labda nitapata mabati ya kuezekea banda."

"Mungu akubariki, mwanangu. Kadi yake unayo?"

Alikuwa nayo, kwenye kijisanduku cha mbele. Akaiandikia mauziano juu ya boneti ya njano, akaweka sahihi kwa mbwembwe. Kadi ya gari la spoti, mama akasema, iko nyumbani, ataileta Jumatatu. Siku nyingine yoyote Fundi Sikio angemcheka mtu anayekubali maneno ya namna hiyo. Lakini kesho ni Jumamosi, na ukweni hakuna mtu atakayeuliza kadi. Akakubali.

Mama akapanda pikapu, akaingiza gia bila kukwaruza, akatoka kinyumenyume kwa mkono mmoja, akayoyoma. Kwa mtu anayejua kuwasha na kuzima tu, alikuwa dereva hasa. Fundi Sikio aliliona hilo, ila hakuwa na nafasi ya kuliwaza. Alikuwa tayari chini ya gari anachomoa sponji. Akawasha, likanguruma tamu, akazunguka mitaa miwili halikukohoa hata mara moja. Akacheka peke yake mpaka akashika mbavu. Jioni nzima akaliosha.

Jumamosi akaingia ukweni na suti, miwani ya jua, na honi ndefu isiyo na sababu. Msusi akatoka, akasimama kwenye ngazi. Baba yake akatoka nyuma yake, mzee mrefu, mkimya. Fundi Sikio akashuka, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee hakumtazama. Alikuwa analitazama gari. Akalizunguka, akapitisha kiganja kwenye boneti, akafungua mlango, akaketi, akavuta kitu chini bila hata kukitafuta, na kiti kikarudi nyuma kikamkaa sawasawa.

"Kiti changu umekisogeza," akasema.

"Kiti… chako, mzee?"

"Hili gari nimelinunua kabla binti yangu hajazaliwa. Jana dada yangu aliniambia limezima njiani, akaliacha kwa fundi. Akasema fundi kalitangaza maiti. Pampu, chujio, tenki, nozeli, vyote vimekwisha. Sasa wewe unalileta linanguruma. Fundi huyo ni wewe?"

Hapa, msomaji, nakuomba umwonee huruma kidogo. Akisema ndiye, basi alimdanganya dada wa baba mkwe. Akisema siye, basi gari la watu kalitoa wapi? Akamtazama Msusi. Msusi akawa anakagua kucha zake.

"Ni mimi, mzee," akasema, jasho likimshuka ndani ya suti. "Nilipoambiwa ni gari la familia, nikasema hapana, halifi mikononi mwangu. Nikakesha nalo. Nimebadilisha pampu, nimebadilisha—"

"Vizuri. Pampu ya zamani iko wapi? Nionyeshe."

Mkono wa Fundi Sikio ukaenda wenyewe kutafuta mfuko wenye pampu nyeusi. Mfuko haukuwepo. Mfuko ulikuwa kwenye pikapu, chini ya kiti. Alikuwa ameuza mpaka uongo wake!

"Unatafuta hii, mwanangu?"

Yule mama wa jana akatokea upande wa nyumba, miwani usoni, pampu nyeusi mkono huu, na mkono wa pili rundo la sponji za kijani. Nyuma yake, kivulini, pikapu imepaki kwa utulivu. "Nimevikuta kwenye pikapu yangu," akasema, na lile neno "yangu" akalitilia mkazo.

"Shangazi yangu," Msusi akamtambulisha, kama vile kulikuwa na haja.

"Kijana," mzee akasema, "nauliza mara ya mwisho. Gari langu lilikuwa na nini?"

Fundi Sikio akafungua mdomo. Uongo ulikuwepo, mwingi tu, ila kila alioushika ulikuwa na shangazi ndani yake.

"Sponji, mzee," akasema kwa sauti ndogo. "Kipande kimoja. Kilikuwa kwenye mpira wa hewa. Nilikichomoa, basi. Hakuna kingine nilichofanya."

"Na jana ulijua?"

"Nilijua."

"Aliiweka nani?"

"Wallahi hiyo sijui."

"Mimi," shangazi akasema. "Nimeendesha kituo cha mafuta tangu wewe unatembea bila suruali. Wangapi walikuja kwangu kulia kwamba mafuta yangu yameua magari yao, nikafungua vifuniko nikasikia pshhh? Nilikuwa namtafuta mwenye mkono huo muda mrefu. Halafu mtoto huyu anakuja kuniuliza, shangazi, mchumba wangu ana sponji zimekatwa vidogovidogo kwenye gari, za nini?"

"Uliniambia za kuoshea vioo," Msusi akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo. "Vioo vya pikapu yako havijawahi kuona maji. Nilimwambia shangazi asikuseme kwa baba kabla hajakujaribu. Nilikutetea. Nilisema ukimwona mama wa watu kakwama, utamsaidia. Nilikesha naomba uichomoe ile sponji na kumwambia, mama, nenda salama."

Hilo lilimwingia kuliko yote. Akavua miwani ya jua, maana ilianza kumwaibisha.

Mzee akashuka kwenye gari, akafunga mlango. "Kwenye simu uliniambia una gari la spoti. Unalo?"

"Sina, mzee."

"Pikapu je?"

Akamtazama shangazi. Shangazi akapiga mkoba wake pale kadi ilipo. "Pia sina."

"Una nini basi?"

"Nampenda binti yako," akasema, na machozi yakamlenga. "Nikitoa hilo, sina."

"Hilo ungelisema kwenye simu, lingetosha. Ningekukaribisha hata ungekuja kwa miguu." Mzee akageuka kuingia ndani. "Chakula kinapoa. Mwenye suti naye aje, hajafukuzwa. Hajakubaliwa pia."

Wakabaki watatu. Shangazi akakohoa. "Mimi nina pikapu, natafuta dereva. Awe na ufundi kidogo. Jumatatu tunaanzia sokoni. Kila gari lililozibwa, linazibuliwa, na mwenyewe anaombwa radhi kwa jina. Vifaa vipo, nimevikuta vimo. Unamjua mtu?"

Fundi Sikio akaitazama pikapu aliyoiendesha miaka yote. Akameza mate. "Mshahara wake vipi?"

"Msikie!" shangazi akacheka. "Ataanza na chakula cha leo." Naye akaingia ndani.

Fundi Sikio akamsogelea Msusi taratibu, kama mtu aliyevua kofia kwa unyenyekevu, ingawa hakuvaa kofia.

"Na sisi? Mimi na wewe je?"

Msusi akamtazama kuanzia viatu mpaka kwenye tai. Akakaza midomo, ila tabasamu likamponyoka pembeni.

"Muulize mwajiri wako," akasema, akamshikisha beseni la kunawia akalipeleke mezani.