Siku Wakwe Walipokuja Kukagua Mashua

Leo nimeaibika, tena mahali pabaya: mbele ya baba mkwe.

Nianzie mwanzo. Niliporudi kutoka Durban na diploma yangu ya ubaharia, Muleba nzima ilisema sitaweza. "Mtu mzima hajengi, hapandi mgomba, anaelea ziwani kama gugumaji!" Sasa ni mwaka wa pili naishi ndani ya mashua ya tanga niliyoiunda kwa mikono yangu. Ina kitanda, jiko, choo na maktaba (vitabu vitatu, lakini vinene). Visiwa vya Bumbire, Ikuza, Goziba, kote huko naenda kama ninyi mnavyokwenda sebuleni.

Tatizo lilikuwa moja. Ndugu wa mchumba wangu, Adventina, hawapokei posa kabla ya kuona binti yao atakaa wapi. Kwa wenzangu hukaguliwa nyumba na shamba la migomba. Mimi nikasema kifua mbele: njooni ufukweni Bukoba, saa nne, mkague mashua.

Jana nikatia nanga Musira, kisiwa kinachotazamana na mji. Leo alfajiri nikafua tanga kubwa, nikalitandaza mchangani likauke. Jeupe pee! Nikarudi chomboni kupiga pasi shati. Saa tatu nashuka kulichukua, silioni. Naona dagaa.

Tanga zima! Kona hadi kona, na mama mmoja anawageuza kwa fagio.

"Kapteni, asante kwa turubai!"

"Mama, hilo ni tanga!"

"Si umelitandika mchangani? Hapa kikitandikwa kitu mchangani ni cha dagaa. Tungejuaje?"

"Nitoleeni, nina wakwe!"

"Waitu, ndugu yetu, subiri hadi saa saba, wakauke."

Saa saba! Tukawazoa haraka haraka. Nikalikung'uta mara mbili (mtu mwenye diploma, mara mbili tu!), nikalifunga mlingotini, nikaja mjini kwa injini. Kuhusu harufu, nilijiambia upepo utaimaliza.

Wakwe wakapanda: baba kwa kanzu nyeupe, koti na kofia, shangazi yake Adventina, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, na Adventina mwenyewe. Baba akabonyeza godoro, akafungua bomba la jikoni, akaguna kwa kuridhika. Shangazi akapitisha kidole juu ya rafu, akakitazama. Safi!

"Mh. Huyu anafagia," akasema.

Posa ilikuwa imeshapita. Ningenyamaza hapo hapo. Lakini mimi nikisifiwa huwa sinyamazi.

"Baba, kaa hapa chini ya tanga, nikuonyeshe upepo unavyotumika kisomi."

Nikavuta kamba. Tanga likapanda, upepo ukalipiga, paa! Kumbe vifuko vilivyoshonwa kwenye tanga kushikilia vijiti vya kulinyoosha vilikuwa vimejaa. Dagaa wakamwagika kama mvua ya masika. Kwenye kanzu. Kwenye kilemba cha shangazi. Ndani ya blauzi ya shangazi!

Na mwewe wa Bukoba mnawajua. Wa kwanza alishuka kabla sijaomba radhi. Wa pili aliondoka na kofia ya baba.

Shangazi akatoa dagaa mmoja kifuani, akamvunja katikati.

"Hajakauka," akasema.

Baba alikuwa anaitazama kofia yake ikielekea Uganda. "Kijana," akasema taratibu, "turudishe nchi kavu."

Nimeshinda nasugua tanga huku najililia. Jioni hii Adventina kapiga simu.

"Wamekubali."

"Kweli?"

"Baba anasema nyumba ameiona, na mwenye nyumba ni msafi. Ila vikao vyote vitafanyika nchi kavu, na wewe usimfundishe tena habari za upepo."

Nimekubaliwa, na bado nina hasira! Mnaonijua, chekeni leo mmalize. Siku ya ndoa, kanisani, sitaki kusikia mtu anataja dagaa.