Soon ya Ofisi na Soon ya Dereva

Kambi ya Wafanyakazi, Kiwanda cha Milango,
Dubai Investments Park

Kwa Madam Sharifah, Ofisi ya Wafanyakazi,

Madam, na kwa umri wangu niruhusu niseme mwanangu, salamu nyingi kama vikombe ninavyoosha. Ni mimi Mzee Erisa, mpika chai wako, yule unayemwambia apunguze sukari naye anaitikia tu. Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa nyumbani kwenu ni Unguja, na Kiingereza changu kiliishia darasa la nne, mwalimu alipoolewa.

Nalalamikia neno la Kiingereza "soon", yaani hivi karibuni. Ofisi yako hulitoa kila siku bila kusema urefu wake.

1. Kiyoyozi cha chumba namba saba. Mwezi wa sita mlibandika karatasi kwamba kitatengenezwa soon. Sasa ni mwezi wa kwanza, tunalala na masweta, na jana fundi kaja kutuongezea baridi.

2. Thuwein, dereva wa basi, naye husema soon, ila ya kwake ni fupi mno. Juzi alipiga honi nikiwa bafuni, nikapanda basi na povu. Carolyne wa stoo akaniuliza, "Mzee, mvi zimehamia masikioni?"

3. Likizo yangu. Nimeiomba miaka mitatu, na jibu ni lile lile. Mke wangu Auleria, kule Masaka, Uganda, alitenga jogoo wa kunipokelea. Jogoo huyo amekufa kwa uzee. Wa pili ameanza kuchechemea. Nina mjukuu ambaye hajaniona kwa macho, huniita Babu Simu. Hilo, Madam, halinichekeshi sana.

Nilimwuliza Shem, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, soon ina urefu gani, kwa kuwa amefika chuo. Akasema, "Mzee, soon iko baada ya inshallah, kabla ya khalas, ile 'imekwisha' ya Waarabu." Nikaona hata chuoni hawajui.

Kwa hiyo naomba kila anayesema soon azuie pumzi mpaka jambo litimie. Tuanze na wewe, kwa heshima. Nitasimama karibu na maji. Ikishindikana, soon iwe muda wa birika langu kuchemka, yaani dakika kumi na mbili. Ofisi ikipitiliza, chai yenu haitakuwa na sukari. Wiki ya pili haitakuwa na majani. Ya tatu nitaleta vikombe vitupu, niseme chai inakuja soon.

Nisalimie mama yako, Bwana Saif wa dirisha la pili, na paka wa ofisini, ambaye peke yake hufika kwa wakati.

Wako mtiifu kwa kiasi,
Erisa wa Birika

N.B. Nilikuwa nakunja barua Shem akaniletea karatasi yako: likizo imekubaliwa, ndege ni Alhamisi. Madam, Alhamisi hii hii? Auleria nilimwambia tumbaku niliiacha mwaka juzi, na kweli nitaiacha soon. Tafadhali neno soon msilifute. Nisogezee safari wiki mbili niiache kwanza, uandike soon ya ofisi, si ya Thuwein. Auleria amepiga simu sasa hivi kuuliza nafika lini, nikamjibu soon. Akasema, "Basi jogoo hachinjwi, ngoja nimrudishie mahindi yake."