Kasha la Jumla la Wizara

"Wananchi, tatizo la makasha limekwisha!"

Ndivyo nilivyotangaza mimi, Mkurugenzi wa Mifumo. Programu zetu za kompyuta zilikuwa na kasha la kuhifadhia taarifa za barua, kasha la mishahara, kasha la magari, utitiri mtupu. Nikaagiza lijengwe moja la jumla: utie chochote, mradi utaje aina yake.

Mtunga programu wetu, mama tunayemwita Fundi, alilimaliza kabla chai yangu haijapoa.

"Mzee, hili hapa. Unaliambia jambo moja tu: unatia nini. Mengine linajua lenyewe."

"Jambo moja?" Nilishtuka. "Fundi, si watu watalitumia!"

"Si ndiyo kazi yake?"

"Kitu cha serikali kikiwa chepesi hivyo, nani atatuheshimu?"

Nikaunda kamati, nayo haikuniangusha. Sasa ilibidi utaje aina ya kitu, aina ya aina hiyo, aina ya anayekitia na aina ya anayekitoa. Masharti nikayaandika mwenyewe: kila atajwaye athibitishe kwamba anaweza kulinganishwa na wengine, kunakiliwa, na kutupwa bila hasara.

"Hata mtu?" akauliza Fundi.

"Sheria ni msumeno."

"Haya. Msumeno hukata huku na huku, mzee."

Siku ya uzinduzi Waziri alikuja mwenyewe. Wa kwanza kutiwa kashani, kwa jina na cheo, angekuwa Katibu Mkuu mpya, yaani mimi, niliyekuwa napandishwa cheo siku hiyo. Mke wangu alikwisha kuwaagiza wifi zake wamwamkie wakiwa wamesimama. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Fundi akabonyeza. Kasha likagoma.

"Linasemaje?" akauliza Waziri.

"Linasema Mkurugenzi hajathibitisha kama analinganishwa na mtu, mheshimiwa."

"Mimi sina mfano," nikasema kwa unyenyekevu.

"Basi huingii," akasema Fundi.

Nikaruka kitini.

"Nathibitisha! Nalinganishwa!"

"Na kunakiliwa? Kwamba wa aina yako wapo wengi?"

"Tele!"

"Na kutupwa bila hasara?"

Kule mbele mke wangu ananikodolea macho: kubali, baba! Nikashika kipaza sauti.

"Bila hasara yoyote."

Kasha likanipokea papo hapo. Watu wakapiga makofi, isipokuwa Waziri, aliyekuwa akinitazama kama mtu aliyegundua nyumbani kwake kuna kiti kisichokaliwa.

"Bila hasara," alisema taratibu. "Na miaka yote tunamlipa. Fundi, mtoe huyo, mtupe."

Uso ulinishuka. Mke wangu akajifunika mtandio.

"Sawa, mheshimiwa," akasema Fundi, vidole juu ya vitufe. "Ila kasha linataka na anayetoa athibitishe. Wewe unalinganishwa?"

Waziri akakohoa.

"Wa aina yako wapo wengi?"

Ukumbi mzima ukajibu kabla yake: "Tele!"

"Na ukitupwa, je?"

Watu walishasimama juu ya viti ili wamsikie vizuri. Waziri akatazama mlango. Nami nikacheka mpaka nikasahau kwamba sina kazi.