Ndege wa Barafuni Hana Nyumba Mutakura

Buyenzi, Bujumbura
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa Bwana Pierre,
Mwenye studio ya kutafsiri filamu na ukumbi wa sinema, Mutakura

Bwana Pierre mwenye heshima zako,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila roho yangu imechafuka, na aliyeichafua ni mfanyakazi wako. Mimi ni Seifu, muuza vipuri vya magari kule mtaa wa Asiatique. Tulifahamiana siku uliyokuja kutafuta mkanda wa jenereta yako, ukanisifu kuwa mimi ni mtu wa kusema ukweli. Leo naomba uupokee huo ukweli bila kununa.

Ninayemlalamikia ni kijana Ilias, yule anayetia Kiswahili katika filamu zako za kigeni na kusema maneno ya kila mtu, kuanzia jambazi hadi bibi harusi. Huenda hujui kwamba Ilias alituma wazee wake nyumbani kwangu kumposa binti yangu Houda. Niliwapokea vizuri, nikawapa chai na sambusa, nikawaambia kwamba wajomba wa binti bado hawajaridhika. Nikawaeleza pia shaka yangu, kwa adabu kabisa: mtu anayeshinda akisema maneno ya wengine, siku akisema "nimekubali" mbele ya sheikh, tutajuaje kama ni yeye aliyesema? Wazee wakamaliza chai yao, wakaaga.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe yalihamia ndani ya televisheni yangu. Houda anafundisha watoto wadogo huko Mutakura, na kila Ijumaa akitoka kazini hupitia kwako kutiliwa filamu kwenye flashi. Jumapili tunaziangalia, mimi, yeye na mama yake Khadidja. Kwa kuwa nimeziangalia kwa makini kuliko wateja wako wengi, naomba nikupe maoni yangu filamu moja moja, pamoja na kosa lililomo.

1. Filamu ya Kihindi. Picha zinapendeza, nyimbo zimezidi, na ile pikipiki iliruka mto wakati mnyororo wake ulikuwa umeshakatika, jambo ambalo mtu wa vipuri hawezi kulinyamazia. Lakini kosa hasa ni hili. Yule kijana ni polisi, amevaa sare, ana nyota mabegani. Anapiga magoti mbele ya baba wa msichana na kusema, kwa sauti ya Ilias, "Baba, kazi yangu ni ya mdomo, lakini ni ya halali." Nilijiuliza ni polisi wa namna gani huyo. Baadaye nikadhani labda huko kwao polisi hufanya kazi kwa mdomo, nikasamehe.

2. Filamu ya Kichina. Wazee wawili wanapigana juu ya paa la nyumba. Mateke safi, sina neno. Katikati ya vita mwenye ndevu nyeupe anamkaba mwenzake na kumwuliza, "Kwani huyo kijana amekukosea nini? Wazee wake wamekuja kwa heshima, we umewapa sambusa tu." Bwana Pierre, nilitikisa kichwa kukubaliana naye. Ijumaa iliyofuata, tulipotoka msikitini, niliwaeleza wenzangu kwamba Wachina ni watu wanaoiheshimu sana ndoa, na kwamba hata wao wanakula sambusa. Wenzangu walinisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Sasa ndipo naelewa kwa nini waliinamisha vichwa.

3. Filamu ya Kinijeria. Picha inaonyesha wazi mama mkwe akitia unga mweusi kwenye supu ya mkwewe huku akichungulia mlangoni. Ilias akasema ni pilipili manga. Mkwe akaanguka chini, macho yamegeuka. Ilias akasema ni usingizi wa kushiba. Mwishoni kijiji kizima kinamkimbiza yule mama kwa fimbo, na Ilias akasema wanamsindikiza. Mke wangu, ambaye tangu nimwoe analalamika kwamba filamu hizo zinawaonea mama wakwe, alifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake na kusema huyu mtafsiri ni kijana aliyelelewa. Tangu siku ile nyumbani kwangu tuko wawili dhidi ya mmoja, na huyo mmoja ni mimi.

4. Filamu ya wanyama. Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyoniumiza. Ni wale ndege wa barafuni wanaotembea wima kama watu waliovaa koti. Dume anatoka mbali na jiwe dogo mdomoni, anaanguka, anainuka, analiweka miguuni pa jike. Nilisogeza kiti nipate kuona vizuri. Hapo Ilias akaeleza kwamba dume huyu amepata vyumba viwili na sebule Mutakura, bomba la maji liko uani, majirani ni watu wapole, na sasa anangoja jibu tu. Mimi sikusoma sana, lakini najua kwamba ndege wa barafuni hana nyumba Mutakura. Nilimgeukia Houda. Alikuwa ametulia kama mtu anayejifunza mambo ya ndege.

5. Filamu ya mtu wa angani. Hewa inamwishia, yuko peke yake, dunia anaiona kwa mbali kama chungwa. Pumzi zake za mwisho anazitumia kuwasalimia wazee wa Buyenzi na kuwaomba walainishe mioyo. Nimewahi kuuguza ndugu mwenye pumu. Mtu anayekosa hewa hasalimii mtaa mzima.

Siku ya filamu hiyo ya angani jirani yetu Orpha, mama wa Uvira kule Kongo anayeuza vitenge, alikuwa amekuja kuangalia pamoja nasi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipomwuliza kinachomchekesha katika kifo cha mtu, akanieleza kwamba filamu hizi aliziona kwao, kwa mtafsiri mwingine, pamoja na ile ya Kichina. "Muzehe, ule mwenye ndevu alikuwa anauliza upanga yake ilienda wapi," akaniambia. "Mambo ya sambusa apana." Ndivyo nilivyojua, mbele ya familia yangu, kwamba wiki zote hizo nilikuwa naombwa binti yangu na polisi wa India, mzee wa Kichina na ndege.

6. Yaliyonikuta ukumbini kwako. Jumamosi nilikuja kumkabili, nikamchukua Orpha awe shahidi. Wewe hukuwepo. Waliniambia umepanda mlimani Kiriri kumfungia mkubwa mmoja televisheni. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi ukutani, nikapewa nafasi kwenye benchi la katikati. Filamu ilikuwa ya nchi yenye theluji: dereva mzee wa treni, binti yake, na kijana seremala. Breki za ile treni zilikuwa zimekwisha, zilisikika. Ilias alisimama kando ya pazia la picha na mikrofoni, akisema maneno ya mzee, ya binti, ya mbwa, na nadhani hata ya treni. Watu walicheka alipotaka wacheke, na walinyamaza alipotaka wanyamaze. Siwezi kusema hajui kazi, maana umenisifu kwa ukweli.

Kisha akaniona. Kwenye pazia yule seremala alikuwa ameingia nyumbani kwa mzee, kofia mkononi, theluji mabegani. Mzee alikuwa mezani anakula mkate. Sote tulijua kijana amefuata nini. Ilias akazima mikrofoni, akaiweka juu ya kiti.

"Hapa mi sitafsiri," akasema. "Mwenyewe yuko humu ndani."

Watu waligeuka benchi kwa benchi, kama nyasi zinavyoinama upepo ukipita, mpaka macho yote yakanifikia. Nilitazama mlango. Kuna aliyeuziba kwa pikipiki, na hilo nalo naomba ulishughulikie. Kwenye pazia mzee anatafuna, kijana anangoja, mdomo wa mzee ukaanza kufunguka bila sauti. Orpha, shahidi wangu mwenyewe, akanigusa kwa kiwiko na kusema, "Muzehe, jibu basi, filme inakimbia."

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima: mila, heshima ya ukoo, hadhi ya muuza vipuri wa siku nyingi. Yote yakanikimbia. Nikajisikia namwuliza tu, "Utaweza kumtunza?"

Bwana Pierre, kijana huyu ana sauti ya simba akiwa Mchina. Akiwa polisi anatikisa mabati. Lakini aliponijibu yeye mwenyewe, bila mikrofoni, sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mimi niliyekuwa katikati nilisikia kwa shida. Alisema, "Nitajaribu, baba. Naogopa pia." Waliokaa nyuma wakaanza kuuliza anasema nini, na jibu likapelekwa kwao benchi kwa benchi. Lilipofika ukutani lilikuwa limegeuka kwamba Ilias amenunua gari. Wakapiga makofi.

Wakati huo huo yule mzee wa kwenye pazia aliinuka, akamkumbatia seremala, akalia begani kwake. Ukumbi wote ulikuwa unatazama mara yeye, mara mimi, kuona kama nitafanya vilevile. Sikufanya. Niliruka ile pikipiki, nikatoka. Nalalamika kwamba nimechezeshwa filamu bila kuulizwa, na kwamba nimechezeshwa vibaya.

7. La mwisho ndilo zito. Nilipofika nyumbani nilimkuta Houda jikoni, wali uko motoni. Nilimwambia kwamba nitawapelekea wajomba wake habari ya aibu hii, na wao ndio watakaoamua. Hakupandisha sauti. Alifunika sufuria, akanitazama.

"Baba, wajomba nimewauliza," akasema. "Wanasema hujawahi kuwaambia kitu. Na we pia unasema kwa mdomo wa watu. We mwenyewe unataka nini?"

Nilitaka kumjibu. Houda ni mtoto wetu wa pekee. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, na sauti yake iko katika vyote. Asubuhi namsikia akiwatafutia watoto wake wa shule wimbo wa siku, na mimi hujifanya nimelala ili asiuache. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni, na sikupata filamu ya kunisaidia kuyasema. Nikamwambia wali unaungua. Haukuwa unaungua. Akafunua sufuria hata hivyo, akaukoroga, akaniacha niende zangu sebuleni na heshima yangu.

Namlaumu Ilias moja kwa moja, kwa sababu swali la namna hiyo halikuwahi kuulizwa nyumbani kwangu kabla ya filamu zake.

Kwa hiyo, Bwana Pierre, baada ya kutafakari kwa kina, naomba haya. Ilias azuiwe kutafsiri filamu yoyote yenye baba, mama mkwe, paa, ndege au mtu anayeishiwa hewa. Apewe mechi za mpira, ambako hakuna anayemposa mtu. Zile filamu nilizokwisha kuziona zitafsiriwe upya kwa maneno yao halisi, ingawa mke wangu amesema ile ya Kinijeria isiguswe, na Orpha anaomba ile ya Kichina ibaki na sambusa. Na tafadhali mtafute mtu anayejua lugha ya nchi ile ya theluji, aniambie yule mzee wa treni alimjibu nini kijana kabla ya kumkumbatia. Si kwamba nina haja nayo. Ni kwa ajili ya ukamilifu wa malalamiko.

Nategemea utalitazama jambo hili kwa macho ya mzazi, maana nasikia na wewe una mabinti. Wasalimie wao na mama yao. Wasalimie wateja wako wa benchi la nyuma, uwaambie gari halipo. Msalimie na mwenye ile pikipiki, taa yake ya mkia imepasuka, ninayo dukani. Khadidja anawasalimu nyote, na Orpha anamsalimu Ilias, jambo ambalo nimelipinga lakini nimelazimika kuliandika.

Ni mimi, mtazamaji wako mwenye kuumizwa,

Seifu
Muuza vipuri, Asiatique

Tanbihi: Wazee wa Ilias waje Jumamosi baada ya alasiri. Kwa kuwa wajomba wanasema hawana habari, nitawajibu mwenyewe, na jibu langu wasiwe na wasiwasi nalo. Tatizo lililobaki ni siku ya harusi. Ndugu wa mke wangu watatoka Kigoma hawajui Kirundi, na wa kwangu wa Gitega hawajui Kiswahili, kwa hiyo tutahitaji mtafsiri wa hotuba. Nimeuliza mji mzima na wote wananitajia Ilias, lakini siku hiyo yeye atakuwa amekaa kimya kando ya binti yangu. Tafadhali nitafutie mwingine anayemkaribia kwa uwezo. Hotuba yangu itakuwa fupi, na huenda nikashindwa kuimaliza. Nikifika hapo nikanyamaza, nampa ruhusa aongeze maneno yake.