Mfuko wa Kulalia wa Fundi Makochi

Alhamisi, tarehe 9

Umekamilika! Mimi, fundi makochi, ninunue mfuko wa kulalia dukani? Aibu gani hiyo! Kesho ukoo unakwenda kupiga kambi mlimani na baridi yote hii. Baba mkwe ametangaza kwamba atakayelala bila kutetemeka ndiye atakayeongoza safari ya mwakani. Miaka yote anaongoza shemeji yangu, mwalimu wa hesabu. Mwaka huu ajiandae kung'oka.

Juu nimeweka sponji nene na velveti nyekundu. Chini, kile kitambaa chembamba cha kufunika tumbo la kochi. Ndiyo kazi yetu: chini hakuna anayeangalia. Mke wangu kauliza kama ardhi haina baridi. Nimemweleza kwamba baridi ni hewa, na hewa iko juu. Kaendelea kufunga mizigo. Amekubali, bila shaka.

Ijumaa, tarehe 10

Tumefika. Pua zinachuruzika. Shemeji katandaza majani makavu hemani, kisha mkeka juu yake. Alitaka kunigawia majani. Nikamwambia mimi si mbuzi. Baba mkwe kapapasa velveti yangu, akasema hata bibi harusi hajalazwa hivi. Nimevimba kichwa, na ni haki yangu.

Jumamosi, tarehe 11

Juu jasho, mgongoni barafu! Nikalala kifudifudi. Mgongo ukapona, tumbo likaganda. Meno yaligongana mpaka shemeji akauliza kutoka hema lake nani anapigilia misumari. Nikajibu nafanya mazoezi ya taya. Mwishowe nikaenda kulikagua hema lao. Nikakagua nikiwa nimejibana katikati ya shemeji na baba mkwe. Joto tamu! Nililala fofofo. Asubuhi nikatangaza kwamba sikutetemeka hata kidogo, kuanzia hapo. Baba mkwe kacheka mpaka akatoka machozi. Dalili njema.

Jumapili, tarehe 12

Hukumu: shemeji anaongoza tena. Mimi nitabeba mizigo ya ukoo mzima. Imeniuma, sifichi. Imeniuma mpaka chai ilipopoa.

Kisha nikafikiri. Kiongozi anatangulia mikono mitupu. Masufuria, mahema, mablanketi, yote yako chini yangu! Hakuna atakayekula wala kulala bila mimi. Mke wangu ananionea huruma, maskini, hajajua kaolewa na nani.

Kosa la mfuko nimeligundua: rangi. Nyekundu haitunzi joto. Mwakani bluu. Na kesho namwita mchora mabango aandike kwenye mlango wa karakana, herufi kubwa: MKUU WA MIZIGO.