Maktaba ya Praha Iliyoniumbua Mikumi

Jamani, leo nimeaibika vibaya. Tena kwenye runinga ya inchi hamsini na tano, mbele ya Babu, Shangazi na Baba Mdogo, pilau ikiwa bado mdomoni.

Ngoja nianzie mbali kidogo ili mnichukie vizuri.

Mimi nasoma Poland. Desemba iliyopita Babu yangu wa Kilosa alipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kulia, maana la kushoto lilishakufa zamani. Babu alikuwa karani wa stesheni, mtu wa kusoma kila kilichoandikwa, hadi karatasi iliyofungia maandazi. Lakini miaka minne hiyo alikuwa anaona vivuli tu. Akanipigia simu.

"Mchumba, siku nikifunguliwa jicho nataka nikuone wewe kwanza. Njoo likizo."

(Ndiyo, Babu huniita mchumba. Utani wa babu na mjukuu, msianze.)

Nauli nilikuwa nayo. Niliiweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya kuja nyumbani. Ila wenzangu wawili wa bwenini walikuwa wamepanga kuzunguka Ulaya likizo ile ya baridi: Praha, Viena, Budapest. Theluji, taa za Krismasi, kuteleza kwenye barafu. Nikajiambia, Babu yupo tu, nitamwona Julai. Nikamjibu, "Babu, tuna mitihani. Chuo hakitoi ruhusa."

"Soma, mchumba wangu. Masomo kwanza."

Hata hakunibembeleza. Roho iliniuma mpaka nilipopanda basi. Basi lilipoondoka, ikapoa. (Ndiyo roho niliyonayo.)

Haya, Julai hii nimekuja. Leo asubuhi Baba Mdogo akatufuata Kilosa na gari lake, twende kula kwake Mikumi. Njiani tukampitia Shangazi, anaishi Ulaya. Ulaya hii yetu, kijiji cha huku Kilosa, cha mahindi na baiskeli. Akaingia na kuku wawili miguu imefungwa, nikampa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Sasa humu ndani wa Ulaya tuko wawili. Ila mimi kwangu hakuna baridi."

Tukacheka njia nzima. Laiti ningejua ndiyo kicheko changu cha mwisho.

Tukafika, tukala. Baba Mdogo kanunua runinga mpya na alikuwa anatafuta sababu ya kuionyesha. "Unganisha simu yako hapo, mama. Tuonyeshe unakosoma."

Sikuogopa hata kidogo! Nilishajiandaa. Nilikuwa nimetenga picha safi: bweni, darasa, mimi na kitabu, mimi na kitabu kingine. Babu akavuta kiti mpaka mbele kabisa. Tangu afanyiwe upasuaji anasoma kila kitu kwa sauti, kama anatangaza treni.

"Jengo la Sayansi," akasoma kibao kwenye picha. "Mlango wa Pili. Usivute Sigara." (Kumbe na Kiingereza chake bado kipo.)

Shangazi akawa anafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mtoto kateseka huyu. Ona alivyokonda."

Picha zikaisha. Nikagusa simu ili nifunge.

Sasa sikilizeni. Simu yangu ina tabia ya kujitengenezea video za kumbukumbu, bila kutumwa na mtu. Sijui niligusa wapi. Runinga ikaanza kupiga muziki wa kengele. Maandishi makubwa yakatokea, na Babu, bila kukosa herufi, akayasoma na kuyatafsiri: "Desemba Isiyosahaulika. Praha."

Nikatokea mimi na kofia ya manyoya, nakumbatia sanamu. Nikatokea nalamba sukari kwenye mkate. Nikatokea nateleza kwenye barafu, nikaanguka chali, miguu juu.

"Huko ndiko mitihani?" Baba Mdogo akauliza.

"Ni... ni mafunzo kwa vitendo," nikasema. (Nasoma uhasibu.)

Babu akasogeza uso karibu na kioo. Chini ya kila picha kulikuwa na tarehe. Akaisoma taratibu: siku, mwezi, mwaka. Akageuka, akanitazama kwa jicho lile moja.

"Siku hii ndiyo niliyofunguliwa bandeji."

Nikaifinya simu, simu ikaganda. Nikaomba rimoti. Baba Mdogo akabonyeza, badala ya kuzima akaongeza sauti! Akaipiga pajani, sauti ikapanda tena. Na hapo ndipo ikaja ile video aliyonirekodi Achieng, mwenzangu wa bwenini, bila mimi kujua. Alinitumia baadaye nicheke, nikasahau kuifuta.

Niko mgahawani, nimesimama kwenye ukuta mweupe kando ya mlango wa choo. Nimevua kofia. Nimeshika menyu ya chakula, ile nene yenye jalada gumu, kama kitabu. Nawaambia wenzangu, "Nyamazeni, nampigia Babu simu ya video!" Halafu nageukia simu, nanong'ona kwa unyonge:

"Babu, niko maktaba. Huku hawaruhusu kuongea kwa sauti."

Na sauti ya Babu, nyembamba, inatoka kwenye simu yangu ndani ya video: "Nimekuona, mchumba! Nimekuona! Hicho kitabu ni kikubwa. Haya rudi usome, nisikucheleweshe."

Simu inakatwa. Wenzangu wanaangua kicheko. Na mimi, jamani, nacheka nao. Nacheka mpaka nimeshika tumbo.

Video ikaisha.

Wa kwanza kulipuka alikuwa Shangazi. "Mimi nilifunga! Jumatatu na Alhamisi, mwezi mzima, Mungu akufaulishe mitihani! Kumbe namfungia mtu anabiringika kwenye barafu?"

Nikapiga magoti mbele ya Babu. Nilitaka afoke. Kweli kabisa, nilitaka anitukane, niumie, yaishe.

Hakufoka. Alisema tu, "Siku ile simu yako ilikuwa haipatikani. Asubuhi yote. Nesi alitaka kunifungua mapema, nikamwomba asubiri. Nikakaa gizani mpaka saa nane mchana, kwa sababu nilitaka wa kwanza uwe wewe."

(Asubuhi ile nilikuwa nimelala. Tulichelewa kurudi tukizunguka kuangalia taa.)

"Nisamehe, Babu."

"Ungeniambia unakwenda kutembea, ningekwambia nenda. Mimi sikwenda popote zaidi ya Kigoma." Halafu akainua kidole kwenye runinga. "Lakini hebu rudisha pale ulipoanguka."

Nikarudisha. Akacheka. Akaniambia nirudishe tena. Mara ya tatu machozi yalimtoka kwenye lile jicho zima, na mimi sikuweza kujua ni ya kicheko au ni ya nini, na sikuwa na uso wa kumuuliza.

Kurudi Kilosa nilikaa nyuma, peke yangu na aibu yangu. Babu alikaa mbele, anasoma vibao vya barabarani. Hakuniita mchumba hata mara moja. Aliniita kwa jina langu, la cheti cha kuzaliwa.

Haya, chekeni, ruksa. Ila kabla ya kunicheka mimi pigeni simu kwenu kwanza, na mkiulizwa mko wapi, semeni ukweli.