Umeme wa Chumvi na Redio ya Shangazi

Jumatatu, 9 Machi 1998

Gisenyi nzima haina kichwa kama changu. Shule waliniachisha darasa la sita, ndiyo, lakini ni kwa sababu walimu walichoka na maswali yangu. Leo nimetoa umeme kwenye maji ya chumvi! Vyungu vidogo vipya, ndani chumvi kali na waya wa shaba, nje maji ya ziwa Kivu na vipande vya bati. Mwalimu Rutayisire, aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichopigwa pasi, alinieleza kwamba udongo wa chungu una vitundu ambavyo jicho halivioni. Chumvi ikipita humo, kuta zenyewe zinachagua ipi ipite, na hapo ndipo umeme unapopata njia. Mengine sikusikiliza. Redio ya shangazi Libérata ikakohoa, ikaimba. Kwa sauti ya mbu, lakini ikaimba.

Jumanne, 10 Machi

Shangazi huanika betri zake juani kila asubuhi, zipate uhai hadi Jumamosi, siku ya kusomwa redioni majina ya watoto waliopotea. Siméon wake alipotea kambi za wakimbizi za Goma zilipovunjika. Nimemwambia kuanika basi. Betri nimempa Juvénal, mchuuzi wa mpakani, kanipa waya zaidi. Cedric wa jirani, anayeringia redio ya baba yake askari, kaniuliza kama humo nitapika na supu. Wivu huo.

Alhamisi, 12 Machi

Bunduki zinalia upande wa Kanzenze. Soko limefungwa. Niko ndani na vyungu. Vinatoa jasho la chumvi, meza imelowa, shangazi ananuna. Nimemwambia sayansi hutoka jasho.

Ijumaa, 13 Machi

Nilienda Rubona kujisifu kidogo. Kurudi, vyungu vinang'aa. Shangazi kapika humo uji wa mtama, kama kila mama anavyofanya chungu kipya kisivuje.

“Nimekusaidia, mwanangu. Sasa havilii tena.”

Meza kavu! Nimerudisha maji, chumvi na waya. Sikujaribu. Fundi wa kweli hajaribu mara mbili.

Jumamosi, 14 Machi

Shangazi alivaa kitenge cha kanisani. Saa ya majina ikafika. Redio kimya. Nikaongeza chumvi. Kimya. Nikaizaba kofi. Shangazi hakuondoa sikio, kama mtu anayesikiliza mlango.

Cedric akaja mbio. Wamemsoma Siméon, mwana wa Libérata wa Gisenyi! Mzima! Halafu lori la askari likapita nje kwao, na mahali alipo hakupasikia.

“Iko wapi? Mutoto yangu iko wapi?”

“Sikusikia, mama Siméon.”

Akamuuliza tena. Na tena.

Jumapili, 15 Machi

Rutayisire kaja, kagusa chungu, katikisa kichwa. Uji umeziba vitundu, chumvi haina pa kupita. Nikamwambia basi kosa ni la mtama. Juvénal naye, bila aibu, anasema betri za shangazi jana zilimpigia muziki hadi jioni.

Sasa najua. Vyungu vikubwa zaidi, visivyopikiwa kitu. Cedric kakubali kuniazima redio ya baba yake kesho, mzee akiwa kazini. Nitaifungua kidogo tu.

Shangazi hajala. Anasema majina husomwa mara moja.

Mengine yote yanatengenezeka. Kilichoharibika kweli ni kimoja: Siméon yuko mahali, mahali hapo pametajwa, na kwetu hakuna aliyepasikia.